Uskauti wa Wasichana Haukuanza kwa Mwaliko

Septemba 4, 1909, maelfu ya wavulana wenye kofia pana na skafu walikusanyika Crystal Palace, London, ili wakaguliwe na Robert Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza aliyeanzisha uskauti. Katikati yao walijichomeka wasichana wachache. Hakuna aliyewaita. Walivaa kofia zilezile, walishika fimbo zilezile, na walipoulizwa wao ni akina nani wakajibu kuwa ni skauti wa kike. Kisa hiki kimesimuliwa kwa zaidi ya karne moja, na mara nyingi husimuliwa kitamu: jenerali mwema aliwaona, moyo ukamlainika, akawaundia chama chao.

Mimi naona kisa hicho kinasimuliwa kinyumenyume. Wale wasichana hawakwenda kuomba chama, maana chama walikuwa nacho. Kitabu cha Baden-Powell, Scouting for Boys, kilikuwa kimetoka mwaka 1908 kwa sehemu sita za bei nafuu, na hakuna kaka aliyeweza kumzuia dada yake kukisoma. Wasichana walikisoma, wakajigawa katika vikundi, wakajipa majina ya wanyama, wakaanza kusoma nyayo na kuwasha moto. Wengine walijiandikisha makao makuu kwa herufi za mwanzo za majina yao tu, ili karani asijue kama anamsajili mvulana au msichana. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba hadi wakati wa mkutano ule wasichana wapatao 6,000 walikuwa wameshajisajili. Kwa hiyo pale Crystal Palace, Baden-Powell hakukutana na ombi. Alikutana na jambo lililokwisha kutendeka, naye akalazimika kuamua alifanyeje.

Uamuzi wake ulikuwa kuwatenga. Uingereza ya wakati ule ilikuwa na hofu nyingi kuhusu mwili wa msichana: akikimbia sana ataharibika, akilala nje atapata ugonjwa, akionekana na wavulana msituni ataharibiwa jina. Wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura walikuwa wanapambana na polisi mitaani, na wazazi wengi waliona kila msichana mwenye sare kama mwanafunzi wao. Mwaka 1910 kikaundwa chama cha Girl Guides, na uongozi akakabidhiwa Agnes Baden-Powell, dada wa mwanzilishi, mwanamke wa miaka 51 ambaye hakuwahi kuolewa. Ujumbe kwa wazazi ulikuwa wazi: binti zenu wako chini ya mama mwenye adabu, si chini ya jenerali.

Na hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuwapunguza makali. Vikundi vilivyokuwa vinaitwa kwa majina ya wanyama vikapewa majina ya maua. Neno "skauti" likaondolewa. Wasichana wengi walichukia, na haki yao: jana ulikuwa simba, leo unaambiwa wewe ni ua. Lakini katika jina jipya kuna kejeli ambayo nadhani wazazi hawakuigundua. Baden-Powell aliliokota kutoka Corps of Guides, kikosi cha kijeshi kilichoundwa Peshawar mwaka 1846, kilichosifika kwa ujasiri na werevu kwenye mpaka wa kaskazini-magharibi mwa India. Yaani katika kutafuta jina la upole, akawapa wasichana jina la askari wa mpakani.

Agnes mwenyewe hapaswi kupita haraka hivi. Vitabu vingi humtaja kwa mistari miwili kisha vikamrukia Olave, mke wa Baden-Powell, na picha inayobaki ni ya bibi wa kizamani aliyefuga nyuki. Nyuki alifuga kweli. Pia alipaa angani kwa puto katika zama ambazo wanaume wengi hawakuthubutu. Mwongozo aliouandika pamoja na kaka yake mwaka 1912, wenye jina refu la How Girls Can Help to Build Up the Empire, ni kitabu chenye vichwa viwili. Kichwa kimoja kinamfundisha msichana kuuguza, kupika, kulea na kuipenda dola ya Kiingereza. Kingine kinamfundisha jinsi ya kumfunga mwizi kwa kamba ya inchi nane. Ndani ya kurasa hizohizo kuna maarifa ya umeme, ya simu ya upepo na ya kujiokoa majini. Msichana aliyekinunua alijichagulia mwenyewe kichwa cha kukisikiliza, na sidhani kama wengi walianza na sura ya kupika.

Agnes alisukumwa pembeni. Olave Soames alikuwa ameolewa na Baden-Powell mwaka 1912, akiwa na miaka 23 na mumewe 55. Kufikia 1916 alikuwa Kamishna Mkuu, mwaka 1918 akapewa cheo cha Chief Guide, na mwaka 1930 akawa kiongozi mkuu wa dunia nzima. Agnes akaacha urais mwaka 1917, na mwongozo wake ukabadilishwa na kitabu kipya cha kaka yake mwaka 1918. Olave alikuwa mchapakazi asiyechoka, alisafiri hadi uzeeni, na bila yeye chama kisingefika kilikofika. Ila ni vigumu kutoona kwamba dada aliyefanya kazi ya mwanzo, wakati ambapo magazeti yalikuwa yanapokea barua za kulalamikia wasichana wenye fimbo, alilipwa kwa kusahauliwa.

Vita Kuu ya Kwanza ilitoa jibu kwa wale walioogopa kuwa msichana hawezi. Idara ya ujasusi ya Uingereza, MI5, ilianza kwa kuwatumia skauti wa kiume kama matarishi wa ofisi. Wavulana walikuwa na kelele na walichoka upesi kazi ikipungua. Mwaka 1915 nafasi zao wakachukua Girl Guides wa umri wa kati ya miaka 14 na 16, wakabeba barua na ujumbe wa siri kutoka chumba hadi chumba, kwa mshahara wa shilingi 10 za Kiingereza kwa wiki. Sharti kubwa lilikuwa kuahidi kwa heshima yao kwamba hawatasoma karatasi walizobeba. Vita vilipokwisha, baadhi yao walipelekwa Ufaransa na ujumbe wa Uingereza kwenye mazungumzo ya amani ya 1919. Ukiupima ushahidi huo kwa vipimo vya wakati wake, unashangaza: wasichana ambao mama zao hawakuwa na kura walikuwa wameaminiwa na siri za dola.

Ng'ambo ya Atlantiki mambo yalikwenda kwa mkondo mwingine, na tofauti hiyo inafundisha. Juliette Gordon Low alikuwa mjane wa miaka 51 asiyesikia vizuri. Sikio moja liliharibiwa na matibabu mabaya, na la pili likaharibika baada ya punje ya mchele, uliorushwa siku ya harusi yake kwa kumtakia heri, kunasa ndani. Alikutana na Baden-Powell mwaka 1911, akarudi kwao Savannah, Georgia, na Machi 12, 1912 akawasajili wasichana 18. Mwaka uliofuata aliliacha jina la Guides na kuwaita Girl Scouts. James West, mkuu wa skauti wa kiume wa Marekani, alikasirika kwa miaka mingi. Aliona kwamba neno hilo likitumiwa na wasichana litawakimbiza wavulana. Low hakurudi nyuma. Fedha zilipopungua aliuza mkufu wake wa lulu ili ofisi iendelee.

Kwa nini Marekani ilishika jina ambalo Uingereza ililiogopa? Sababu moja ni tabia ya Low mwenyewe, mwanamke ambaye inasemekana alitumia uziwi wake kwa ujanja, akijifanya hajasikia kila mtu alipomwambia hapana. Lakini sababu kubwa zaidi ni kwamba chama chake hakikuwa na mwanaume juu yake. Cha Uingereza kilizaliwa ndani ya familia moja, kikasubiri ridhaa ya kaka. Cha Savannah kilikuwa na mwenye nyumba mmoja tu. Nitarudi kwenye jambo hili, maana ndilo linaloamua mjadala wa leo.

Tugeukie mila zenyewe. Mtu asiyewahi kuvaa sare hii huziona kama michezo ya watoto: vidole vitatu vinavyoinuliwa kwa saluti, mkono wa kushoto katika salamu, beji ya majani matatu, nyimbo kuzunguka moto wa kambi. Kila kimoja kina kazi yake. Vidole vitatu na majani matatu yanasimamia sehemu tatu za ahadi: wajibu kwa Mungu au kwa imani ya mtu, wajibu kwa nchi, na kuwasaidia wengine kwa kufuata kanuni za chama. Beji ya dunia, iliyochorwa na Kari Aas wa Norway na kukubaliwa mwaka 1930, imeongezewa nyota mbili kwa ajili ya ahadi na kanuni, sindano ya dira katikati, na chini yake umbo la mwali wa moto. Wasichana wa nchi zisizo na lugha moja wanaweza kukutana na kila mmoja akaisoma beji ya mwenzake.

Mila ninayoipenda kuliko zote ni siku ya Februari 22. Ilichaguliwa mwaka 1926, kwenye mkutano wa dunia uliofanyika Camp Edith Macy, New York, kwa sababu ndiyo siku waliyozaliwa wote wawili, Baden-Powell mwaka 1857 na Olave mwaka 1889. Mwanzoni ilikuwa siku ya kuwakumbuka tu dada wa nchi nyingine. Mwaka 1932, mkutano ulipokuwa Poland, wajumbe wa Ubelgiji wakasema jambo la kawaida kabisa: siku ya kuzaliwa huambatana na zawadi, basi kila msichana atoe senti moja kwa ajili ya kazi ya chama duniani. Ni mchango mdogo kiasi kwamba hakuna anayeshindwa, na kwa kuwa hakuna anayeshindwa, hakuna anayekuwa mfadhili wa mwenzake. Taasisi nyingi za misaada zingejifunza kitu hapo, lakini hiyo ni makala nyingine.

Shirikisho la dunia la vyama vya Girl Guides na Girl Scouts, WAGGGS, liliundwa mwaka 1928 huko Parád, Hungary. Leo lina wanachama wapatao milioni 10 katika nchi karibu 150. Lina vituo vyake vya kukutania: Our Chalet huko Adelboden, Uswisi, tangu 1932, Our Cabaña huko Cuernavaca, Mexico, tangu 1957, Sangam huko Pune, India, tangu 1966, Pax Lodge huko London, na Kusafiri, kituo cha Afrika kilichopewa jina la Kiswahili. Nyeri, nchini Kenya, haimo kwenye orodha ya vituo lakini ina wageni wake. Baden-Powell na Olave walihamia huko mwaka 1938 katika nyumba ndogo waliyoiita Paxtu, naye akafariki Januari 1941. Kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya skauti inayosema nimekwenda nyumbani. Majivu ya Olave, aliyefariki mwaka 1977, yaliletwa kuzikwa hapohapo.

Sasa tuseme lisilosemwa sana siku za maadhimisho. Harakati hii ilisambaa ikifuata njia za dola. Kitabu cha Agnes kilikuwa na neno dola kwenye jalada, na ahadi ilimtaja mfalme. Nchini India kikosi cha kwanza kilianzishwa Jabalpur mwaka 1911 kwa ajili ya mabinti wa Kizungu na wa mchanganyiko; wasichana wa Kihindi walifunguliwa mlango miaka kadhaa baadaye. Afrika Kusini, wasichana Waafrika walikataliwa, wakaundiwa mwaka 1925 chama cha Wayfarers, chenye sare yake na vyeo vyake. Mwaka 1936 waliingizwa ndani ya Guides, lakini katika tawi lao la pekee. Marekani nako vikosi vya weusi vilikuwapo tangu 1917, ila katika miji mingi ya kusini kibali kilikuwa kigumu kupata. Nashville, mwanamke mweusi Josephine Groves Holloway alinyimwa kibali cha kuanzisha kikosi katika miaka ya 1930. Akapata vitabu vya mwongozo kwa njia nyingine, akawafundisha mabinti zake na wenzao bila kibali chochote, mpaka kikosi chake kikatambuliwa katika miaka ya 1940.

Msomaji makini ameshaona tunachorudia. Wasichana wa London walisoma kitabu kisichowahusu wakajiundia vikundi. Miaka ishirini na zaidi baadaye, mwanamke mweusi wa Nashville alifanya vilevile dhidi ya chama kilichozaliwa kutokana na wale wa kwanza. Chama kilichotokana na wasiokaribishwa kikawa nacho na orodha yake ya wasiokaribishwa. Na kila mara dawa imekuwa moja: kitabu kimepatikana, kikundi kimeundwa, ruhusa imefuata nyuma. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema uskauti wa wasichana ulikuwa tu chombo cha wakoloni cha kutengeneza wajakazi wenye nidhamu. Nia hiyo ilikuwapo, tena imeandikwa waziwazi. Lakini kumfundisha msichana kusoma ramani, kuongoza wenzake saba na kulala porini bila kaka ni jambo ambalo matokeo yake hayawezi kufungiwa ndani ya nia ya mwalimu. India iliyojitawala haikukitupa chama; mwaka 1950 na 1951 iliunganisha vyama vyake vya wavulana na wasichana kuwa Bharat Scouts and Guides, ikaendelea mbele bila mfalme.

Ushahidi mzito zaidi, kwangu, unatoka mahali ambapo hapakuwa na mwalimu wala nia ya mtu yeyote ila ya wasichana wenyewe. Mwaka 1941, katika kambi ya mateso ya Ravensbrück ambako Wanazi waliwafunga wanawake, mwalimu wa Kipolandi Józefa Kantor alianzisha kwa siri kikosi cha skauti wa kike. Walikiita Mury, yaani kuta. Kilikuwa na wanachama wapatao 100, waligawanyika katika vikundi vidogo, walikuwa na ahadi na mikutano. Kazi yao ilikuwa kugawana mkate na wagonjwa, kuwapokea wafungwa wapya waliochanganyikiwa, kuficha waliotafutwa. Kugunduliwa kulimaanisha adhabu ya kifo au karibu yake.

Singapore, mwaka uliofuata wa vita hivyohivyo, Wajapani waliwafunga raia wa kigeni katika gereza la Changi. Humo mlikuwa na wasichana wapatao 20, na mwanamke aitwaye Elizabeth Ennis akaanza kuwakutanisha kama Girl Guides kila wiki. Wasichana wakaamua kumpa zawadi ya siku yake ya kuzaliwa. Hawakuwa na kitambaa wala uzi. Walikusanya vipande chakavu, wakachomoa nyuzi kutoka kwenye nguo zilizochanika, wakashona kwa siri mfarishi wa viraka vya pembe sita, kila mmoja akitarizi jina lake katikati ya ua lake. Kazi hiyo inatajwa kuwa ndiyo iliyowapa wanawake wakubwa wa gereza wazo la kushona mifarishi yao maarufu, ambayo kupitia viraka vyake walituma habari kwa waume zao waliofungwa upande mwingine kwamba bado wako hai.

Zingatia kilichotumika: ushonaji. Lile somo la nyumbani ambalo wakosoaji huliona kuwa minyororo ya chama cha Agnes likawa gerezani njia ya kuwasiliana. Halafu vita vilipoelekea mwisho, wanawake waliokuwa wamekulia katika chama hiki walijitolea kupitia Guides International Service kwenda kuhudumia wakimbizi wa Ulaya kuanzia 1944. Mojawapo ya timu zao ilifanya kazi Bergen-Belsen baada ya kambi hiyo kukombolewa. Walichaguliwa kwa sababu waliweza kupika chakula cha watu wengi juu ya moto wa wazi, kuchimba vyoo, kukaa kwenye mvua na kutolalamika. Hakuna kati ya hayo ambalo shule za kawaida za wasichana ziliwafundisha.

Habari ya biskuti siwezi kuipita kabisa, kwa kuwa nje ya Marekani watu wengi hawajui lingine kuhusu Girl Scouts. Mauzo yanayokumbukwa kuwa ya kwanza yalifanywa na kikosi cha Muskogee, Oklahoma, mwaka 1917, na biskuti zilipikwa na wasichana majumbani. Tangu miaka ya 1930 kazi ya kuoka walipewa viwanda, na leo huuzwa takriban maboksi milioni 200 kwa mwaka. Wanaosifu husema msichana anajifunza biashara. Wanaolaumu husema mtoto anafanya kazi ya kuuza na shirika linachukua fungu kubwa. Wote wana hoja, lakini jambo lililonivutia ni la 2007. Wasichana wawili wa Michigan, wakifanya utafiti ili wapate beji, waligundua kwamba biskuti wanazouza zina mafuta ya mawese yanayohusishwa na ukataji wa misitu wanamoishi sokwe wa Asia. Wakaacha kuuza, wakaanza kampeni dhidi ya chama chao wenyewe. Ilichukua miaka minne, mpaka Septemba 2011, makao makuu yakatangaza sera kuhusu mawese, sera ambayo kwa maoni yangu ilikuwa dhaifu. Ila mafunzo yalifanya kazi: walifundishwa kuwajibika, wakamwajibisha aliyewafundisha.

Tukija kwenye mjadala wa leo, swali linaloulizwa ni kama bado kuna haja ya chama cha wasichana peke yao. Uingereza, chama cha skauti kilianza kuwapokea wasichana mwaka 1976 katika kundi la vijana wakubwa, kikapanua mlango mwaka 1991, na kuanzia 2007 kila kikosi kinatakiwa kuwapokea. Marekani, Boy Scouts walitangaza mwaka 2017 kwamba watawapokea wasichana, wakaanza 2018 kwa watoto wadogo na 2019 kwa wakubwa. Girl Scouts wakawashtaki Novemba 2018 kwa kutumia jina la "skauti" bila kulifafanua, jambo ambalo lingemfanya James West acheke kaburini, maana kesi ilikuwa ile yake, imegeuzwa upande. Aprili 2022 jaji wa New York aliitupa. Mwaka 2025 Boy Scouts wakabadili jina na kuwa Scouting America.

Wengi walishangilia. Kwa upande mmoja nami nashangilia, kwa kuwa wale waliojiandikisha kwa herufi mwaka 1909 walitaka hasa hicho. Lakini sioni kwa nini tusitazame saa. Mlango ulifunguliwa wakati idadi ya wavulana ilikuwa inaporomoka kwa miaka mingi. Chama kinachowakumbuka wasichana kinapokaukiwa wanachama kinapaswa kuulizwa kama kinawapa nafasi au kinawatafuta kama ada.

Na ndiyo maana nasema swali la mchanganyiko au utengano ni swali la pili. La kwanza ni nani anaongoza. Ubora wa chama cha wasichana pekee haukutokana na kutokuwapo kwa wavulana msituni. Ulitokana na ukweli kwamba, katika zama ambazo karibu kila taasisi iliongozwa na mwanaume, hapa kiongozi wa kikundi, mweka hazina, mpangaji wa kambi, kamishna na rais wote walikuwa wanawake, na msichana wa miaka 12 aliona jambo hilo kuwa la kawaida. Hakuna kanuni ya skauti iliyomfundisha hivyo. Aliliona tu kila wiki. Vyama vilipoungana katika nchi mbalimbali, hasara iliyojificha haikuwa ya shughuli, bali ya viti: katibu mkuu mmoja badala ya wawili, kamishna mmoja badala ya wawili, na desturi ikijua nani apewe.

Italia iliona hatari hiyo mapema. Mwaka 1974 chama cha Kikatoliki cha wavulana, ASCI, na cha wasichana, AGI, viliungana kuwa AGESCI. Wasichana hawakukubali kumezwa. Katiba ya chama kipya iliweka kanuni kwamba uongozi ni wa wawili, mwanamume na mwanamke, kwa mamlaka sawa, kuanzia ngazi ya kikundi hadi ya taifa. Mfumo huo una gharama zake: unahitaji viongozi maradufu, na kutafuta wanawake na wanaume wa kujitolea katika kila mji si rahisi. Ufaransa iliunganisha vyama vyake vya Kikatoliki miaka 30 baadaye, mwaka 2004, na jina jipya likabeba maneno yote mawili, Scouts et Guides.

Uingereza, chama cha Girlguiding kimebaki cha wasichana na kimebadilisha kitu kingine. Mwaka 2013 kiliondoa kwenye ahadi maneno ya kumpenda Mungu, kikaweka ya kuwa mkweli kwa nafsi yako na kukuza imani zako. Kanada walibadili mwaka 2023 jina la kundi la watoto wa miaka 7 na 8 kutoka Brownies kuwa Embers, baada ya baadhi ya wasichana wasio Wazungu kusema jina la zamani linawaumiza. Wapo waliolia kwamba mila inauawa. Mila hiyo ilishabadilika mapema kabisa: watoto hao waliitwa Rosebuds mwaka 1914, wakalikataa jina, na mwaka 1915 likaletwa lile la Brownies. Watoto ndio waliolalamika mara zote mbili.

Kwa hiyo chama chochote cha skauti kikija na mpango wa kuunganisha wavulana na wasichana, mimi nisingeanza kusoma sura ya kambi za pamoja wala ya sare mpya. Ningefungua moja kwa moja ukurasa wa katiba unaosema nani anaitisha mkutano mkuu, nani anatia saini hundi, na kama kiti cha kamishna kikiwa wazi kinajazwaje.